Kimya, Onyo na Kukataa: Uhakiki wa Lugha ya Kompaila kwa Machaguo Yaliyopitwa na Wakati

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna kompaila zinavyoshughulikia machaguo ya mstari wa amri yaliyopitwa na wakati. Data yake ni maandishi yenyewe ya zana: rekodi za machaguo na miongozo ya GCC, sera ya javac, na ujumbe ambao mashine pepe ya Java humwonesha mtumiaji. Hoja kuu ni kwamba umri wa chaguo si kigezo kinachotosha kuamua lipuuzwe, lionywe au likataliwe. Kigezo kinachofaa ni aina ya ombi lililobebwa na chaguo hilo. Ombi la kasi laweza kupuuzwa bila madhara makubwa. Ombi la maana au la ulinzi likipuuzwa, kompaila hutoa programu isiyo ile iliyoombwa huku ikiripoti kwamba kazi imefaulu. Makala inapendekeza istilahi nne za Kiswahili za kutenganisha hali hizo, na inatoa mapendekezo kwa watafsiri, vyuo na wanunuzi wa programu za umma.

Istilahi muhimu: kompaila, chaguo, onyo, lakabu, upatanifu, istilahi

1.0 Utangulizi

Kompaila ni programu inayogeuza msimbo chanzo ulioandikwa na binadamu kuwa maelekezo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Mtumiaji huiita kwa mstari wa amri na kuiambatanishia machaguo: boresha kasi, tafuta faili katika saraka fulani, onya kuhusu jambo fulani, ongeza ukaguzi fulani. Kila chaguo ni sentensi fupi ya kuamuru. Lina jina, lina maana iliyoandikwa katika mwongozo, na lina matokeo yanayotarajiwa.

Machaguo hayo hayaandikwi upya kila siku. Hukaa ndani ya hati za ujenzi, yaani faili zinazoieleza kompyuta hatua za kuunda programu kutoka kwenye msimbo chanzo. Hati ya namna hiyo yaweza kuishi miaka 15 au 20, ikanakiliwa kutoka mradi hadi mradi, na ikaendelea kutumika baada ya aliyeiandika kuondoka kazini. Wakati huohuo kompaila haisimami. GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, imebadilisha sehemu zake za ndani mara nyingi. Mbinu zimeondolewa, nyingine zimeunganishwa, na vifaa vilivyolengwa vimetoweka sokoni. Hapo ndipo swali huzuka: kompaila mpya ikipokea amri ya zamani, ijibu nini?

Wahandisi wamezoea kulitazama swali hili kama suala la usafi wa msimbo. Makala hii inalitazama kama suala la lugha. Chaguo ni neno, rekodi ya machaguo ni kamusi, na ujumbe wa kompaila ni jibu la mzungumzaji mmoja kwa mwingine. Wahenga walisema ahadi ni deni. Jina lililowekwa kwenye mwongozo ni ahadi, na namna linavyoondolewa ni namna ya kulilipa deni hilo au kulikwepa.

2.0 Rekodi ya Chaguo kama Kidahizo

Katika GCC, machaguo huorodheshwa katika faili maalumu ambamo kila chaguo lina rekodi yake: jina, sifa zake, kisha maelezo mafupi. Muundo huo unafanana sana na kidahizo cha kamusi, na sifa zake zinafanya kazi ya vifupisho ambavyo mwanaleksikografia huvitumia kuonesha hadhi ya neno. Kwa chaguo lililochakaa, sifa nne zina umuhimu. Ya kwanza hulifanya chaguo kuwa lakabu ya jingine: jina la zamani hupokewa na kutafsiriwa kuwa jina jipya. Ya pili hulifanya lipuuzwe: hupokewa, lakini halifiki popote. Ya tatu huambatanisha onyo lenye maneno yaliyochaguliwa na waandishi wa kompaila. Ya nne hutangaza kwamba uwezo wenyewe umeondolewa, na kila anayeliandika huambiwa kuwa chaguo hilo haliungwi mkono tena.

Nje ya hizo kuna hali ya mwisho isiyohitaji rekodi: chaguo limefutwa kabisa, na kompaila hujibu kwamba hailitambui na kusimama.

Mpangilio huu ni mzuri kwa sababu unatenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya. Neno linaloendelea kutumika lakini halipendekezwi si sawa na neno lililobaki jina tupu, na yote mawili si sawa na neno lililofutwa. Udhaifu hauko katika kamusi bali katika uamuzi wa nani apewe kifupisho gani.

3.0 Kimya Kinachofaa

Katika faili kuu ya machaguo ya GCC kuna maelezo yanayorudiwa tena na tena, ambayo kwa Kiswahili yangesomeka hivi: halifanyi kitu, limehifadhiwa kwa ajili ya upatanifu na matoleo ya zamani. Miongoni mwa yanayobeba maelezo hayo ni -fstrength-reduce, -floop-optimize na -fforce-addr. Yote yalihusu mbinu za kuboresha kasi ya programu. Kazi zake zilichukuliwa na mbinu mpya au ziliachwa, lakini majina yamebaki ili hati za zamani zisivunjike.

Msomaji mkali aweza kusema kwamba huu ni uongo: mtumiaji ameomba jambo, kompaila imeitikia, na hakuna kilichotendeka. Lakini lawama hiyo haizingatii kilichoombwa. Chaguo la kuboresha kasi haliahidi matokeo tofauti ya hesabu, linaahidi juhudi. Programu iliyoundwa bila -floop-optimize ya zamani hutoa majibu yaleyale, na pengine huyatoa upesi zaidi kwa sababu mbinu mpya ni bora. Kumsumbua mtumiaji kwa onyo katika hali hiyo ni kumwongezea kelele. Clang, kompaila nyingine inayotumika sana, imechukua njia iliyo karibu na hiyo: ikikutana na chaguo la kuboresha kasi la GCC ambalo hailiungi mkono, hutoa onyo na kuendelea na kazi.

Ushahidi kwamba aina ya ombi ni kigezo halisi unapatikana katika kanuni nyingine ya GCC yenyewe. Mtumiaji akiomba onyo lisilojulikana, kompaila humwambia mara moja. Lakini akiandika umbo la kukanusha, yaani -Wno- likifuatwa na jina lisilojulikana, kompaila hunyamaza, isipokuwa pale inapokuwa na ujumbe mwingine wa kutoa. Mantiki yake ni safi. Anayeomba onyo anaomba kulindwa, hivyo lazima ajue kwamba ulinzi haupo. Anayeomba onyo lisitolewe ameshapata alichotaka, kwa kuwa kompaila isiyolijua onyo haiwezi kulitoa. Kanuni hii iliwekwa ili hati zenye machaguo mapya ziweze kutumika na kompaila za zamani, lakini somo lake ni pana zaidi: kimya kinafaa pale ambapo kupuuza na kutekeleza huleta matokeo yaleyale.

4.0 Onyo Linaloelekeza Nusu ya Njia

Ombi la maana ni jambo jingine. Mfano ulio wazi ni -I-. Katika lugha ya C, programu huingiza faili za vichwa ama kwa alama za nukuu ama kwa mabano ya pembe, na machaguo ya -I huieleza kompaila saraka za kutafuta. Chaguo -I- lilikuwa na kazi mbili. Kwanza, liliigawa orodha ya saraka: zilizotajwa kabla yake zilitumika kwa faili za alama za nukuu tu, na zilizotajwa baada yake zilitumika kwa zote. Pili, liliizuia kompaila isianze kutafuta katika saraka ya faili inayosomwa wakati huo.

GCC 4.0 ya mwaka 2005 ililiweka chaguo hilo katika hali ya kutopendekezwa na kuleta -iquote. Ujumbe kwa mtumiaji ukawa kwamba ametumia chaguo lililopitwa na wakati na kwamba tafadhali atumie -iquote badala yake. Ni sentensi fupi, ya adabu, yenye jina la mbadala. Kwa vigezo vya kawaida vya ujumbe wa onyo ingepata alama za juu.

Tatizo ni kwamba inasema kweli nusu. Chaguo -iquote hufanya kazi ya kwanza ya -I-, lakini haifanyi ya pili. Mtumiaji aliyekuwa akitegemea kuzuiwa kwa saraka ya sasa, kwa mfano ili faili yake ya kichwa itangulie nyingine yenye jina hilohilo iliyo kando ya msimbo chanzo, akitii ushauri huo ataingiza faili tofauti. Onyo litatoweka, kazi itaendelea, na programu itakuwa imebadilika. Utii wenyewe umezaa kosa. Katika leksikografia, hali hii ingelingana na kidahizo kinachomwelekeza msomaji kwenye kisawe ambacho kwa hakika ni kisawe cha maana moja kati ya mbili.

Linganisha na -mcpu kwa mashine za jamii ya x86. Zamani jina hilo lilimaanisha kurekebisha mpangilio wa maelekezo ili yaifae aina fulani ya kichakataji. Baadaye GCC ilichukua -mtune kwa kazi hiyo na kulifanya -mcpu= kuwa lakabu yake, pamoja na onyo kwamba halipendekezwi na kwamba mtumiaji atumie ama -mtune= au -march=. Hapa waandishi walifanya mambo mawili ya busara. Walihifadhi matokeo ya zamani kwa kutumia lakabu, kisha wakakiri kwamba jina la zamani lilikuwa na utata: huenda aliyeliandika alitaka tu mpangilio bora, au huenda alitaka maelekezo ambayo kichakataji hicho pekee kinayajua. Ujumbe haukumchagulia, ulimrudishia uamuzi. Uangalifu huo ulihitajika zaidi kwa kuwa kwa mashine za ARM -mcpu bado ni chaguo halali lenye maana yake. Neno moja limechakaa katika lahaja moja na liko hai katika nyingine.

Tofauti ya mifano hii miwili haiko katika adabu wala urefu. Iko katika uaminifu wa mbadala unaotajwa.

5.0 Ulinzi Unapoondoka

Hatari kubwa zaidi inaonekana pale chaguo linapobeba ombi la ulinzi. Mwaka 2015, GCC 5 ilileta uwezo wa kutumia MPX, teknolojia ya vichakataji vya Intel iliyokusudiwa kukagua kama kielekezi kinavuka mipaka ya kumbukumbu kinachoruhusiwa kuigusa. Kuvuka mipaka hiyo ni chanzo cha zamani cha udhaifu wa kiusalama katika programu za C. Mtumiaji aliyetaka ukaguzi huo aliandika -mmpx na -fcheck-pointer-bounds.

MPX haikudumu. GCC 9 ya mwaka 2019 iliondoa utekelezaji wake, na kiini cha Linux kikafuata katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Kuondolewa kwenyewe si suala la makala hii. Zana haiwezi kubeba milele jambo ambalo hata vifaa vinaliacha. Suala ni jibu. GCC 9 ikipewa -fcheck-pointer-bounds hutoa onyo kwamba swichi hiyo haiungwi mkono tena, kisha huendelea, huunda programu, na huripoti kwamba imefaulu.

Tazama kilichotokea. Mtu aliomba mlango wenye kufuli. Fundi ameleta mlango usio na kufuli na kuandika jambo hilo pembeni mwa stakabadhi. Katika ujenzi mkubwa, pembe ya stakabadhi ni kumbukumbu yenye maelfu ya mistari isiyosomwa na mtu yeyote, kwa sababu kazi inaendeshwa usiku na mashine nyingine ambayo huangalia jambo moja tu: je, kompaila imerudisha alama ya kufaulu au ya kushindwa? Kwa msomaji wa aina hiyo, onyo ni sawa na kimya. Hatua hiyohiyo huzipotosha pia hati zinazojaribu chaguo kabla ya kulitumia: hulipa kompaila faili ndogo pamoja na chaguo, na kompaila ikifaulu, hati huandika kwamba uwezo upo.

Yapo majibu ya kitaalamu. Mtumiaji makini aweza kuongeza -Werror, linalogeuza maonyo kuwa makosa. Lakini dawa hiyo haichagui: hulifanya kila onyo dogo kuwa kizuizi, na kwa hiyo wengi huiepuka katika programu wanazozisambaza. Haki ya kujua kwamba ulinzi umeondoka haipaswi kutegemea chaguo jingine.

Ulinganisho na -fcilkplus unasaidia. Hiyo ilikuwa nyongeza ya lugha kwa ajili ya hesabu sambamba, iliyoondolewa katika GCC 8 mwaka 2018. Msimbo uliotumia maneno yake maalumu, mathalani _Cilk_spawn, hauwezi kupita katika kompaila isiyoyajua. Kosa linajitangaza lenyewe, hata kama jina la chaguo linapokewa. Ukaguzi wa mipaka hauna shahidi wa namna hiyo: msimbo hupita vilevile, uwe na ulinzi au usiwe nao. Pale ambapo msimbo hauwezi kulalamika, kompaila ndiyo inayopaswa kusimama.

6.0 Ratiba Iliyotangazwa: Mfano wa Java

Jumuiya ya Java imejaribu njia nyingine, nayo ni kuandika sera kabla ya tukio. Sera inayojulikana kama JEP 182 ilieleza jinsi javac itakavyostaafisha thamani za zamani za -source na -target. JDK 8 ya mwaka 2014 ilianza kuonya kuhusu 1.5 na zilizotangulia. JDK 9 ya mwaka 2017 ikazikataa. Hesabu ya awali ilikuwa toleo la sasa na matatu ya nyuma yake. Matoleo yalipoanza kutoka kila baada ya miezi sita, hesabu hiyo ingekuwa kali mno, na utekelezaji ukalegea: thamani ya 6 iliondolewa katika JDK 12, na ya 7 ikabaki hadi JDK 20 ya mwaka 2023. Kilichodumu ni kanuni iliyo muhimu kuliko hesabu: onyo hutangulia kukataa, na ujumbe husema wazi kwamba thamani imepitwa na wakati na itaondolewa katika toleo lijalo.

Mashine pepe ya HotSpot, ambayo ndani yake mna kompaila zinazofanya kazi wakati programu inaendelea, ina jedwali linaloonesha kwa kila chaguo toleo ambalo lilianza kutopendekezwa, lile ambalo lilianza kupuuzwa, na lile ambalo litakataliwa. Kwa uwazi, jedwali hilo linastahili sifa. Hata hivyo, utekelezaji wake unaonesha kwamba ratiba peke yake haitoshi. Chaguo MaxPermSize lilianza kupuuzwa katika JDK 8 na likakataliwa katika JDK 17 ya mwaka 2021: miaka saba ya onyo. Chaguo UseConcMarkSweepGC lilianza kutopendekezwa mwaka 2017, likapuuzwa katika JDK 14 ya mwaka 2020, na ilipofika JDK 17 mashine ilikataa kuanza. Kipindi cha kupuuzwa kilikuwa kifupi mno kwa la pili na kirefu mno kwa la kwanza. Onyo la miaka saba huzoeleka. Siku linapogeuka kuwa katazo, watu hushangaa kana kwamba hawakuambiwa.

Zaidi ya hayo, MaxPermSize lilikuwa kikomo cha matumizi ya kumbukumbu. Sehemu liliyoidhibiti ilipoondolewa, kazi yake ilihamia sehemu mpya ambayo, mtumiaji asipoandika kingine, haina kikomo. Ujumbe wa JDK 8 ulisema kwamba chaguo linapuuzwa na kwamba liliondolewa katika toleo la 8. Haukumtaja mrithi, yaani MaxMetaspaceSize. Ulitangaza kifo bila kusoma wosia. Aliyekuwa na kikomo aliamka akiwa hana, naye aliambiwa tu kwamba neno lake ni la kizamani.

7.0 Kiswahili na Daraja za Kuchakaa

Suala hili linawahusu wanaistilahi wa Kiswahili moja kwa moja. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, imeonekana kwamba vitufe na menyu vinaweza kusemwa kwa Kiswahili. Ujumbe wa kompaila ni hatua ngumu zaidi, kwa sababu unahitaji fasili, si majina tu. Mtafsiri anayetumia kirai kimoja, limepitwa na wakati, kwa hali zote zilizojadiliwa atakuwa ameufuta mpaka ambao usalama wa programu unautegemea. Msomaji hatajua kama amri yake imetekelezwa, imepuuzwa au imekataliwa.

Makala inapendekeza istilahi nne. Chaguo lisilopendekezwa ni lile ambalo bado linafanya kazi yake, lakini mtumiaji anashauriwa kuliacha. Lakabu ni jina la zamani linalotekelezwa kwa maana ya jina jipya. Chaguo mfu ni lile linalopokewa bila kutenda lolote, kwa mfano wa lugha mfu ambayo maneno yake yangali vitabuni. Chaguo lililofutwa ni lile linalokataliwa. Kiswahili kina uzoefu wa kutosha wa mgawanyo huu. Kompyuta na tarakilishi zinaishi pamoja, na msomaji wa Dodoma na wa Nairobi huelewana. Hiyo ni lakabu inayofanya kazi. Kinachohitajika ni vyombo vya lugha na vyama vya kitaaluma kuzipitisha fasili hizi pamoja, kama seti, ili neno moja lisivamie eneo la jingine.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kwamba kompaila zinazochunguzwa zina msamiati mzuri wa kueleza kuchakaa, lakini mara nyingi huutumia kwa kuangalia umri wa chaguo na urahisi wa waandishi. Pingamizi kubwa dhidi ya kukataa ni la haki: waandaaji wa mifumo kama Debian huunda upya maelfu ya vifurushi, na jina moja likifutwa, vingi vinaweza kuvunjika kwa siku moja. Lakini kati ya onyo na katazo ipo njia ya tatu, nayo ina mfano. GCC 14 ya mwaka 2024 iligeuza kuwa makosa baadhi ya mazoea ya zamani ya C yaliyokuwa maonyo tu, kisha ikamruhusu mtumiaji kuyarudisha kuwa maonyo kwa kuandika -fpermissive. Anayetaka kuendelea huendelea, lakini hutia sahihi.

Kwa hiyo mapendekezo ni manne. Kwanza, chaguo la kasi lililokufa lipuuzwe kimya au kwa onyo jepesi. Pili, chaguo la maana lihifadhiwe kama lakabu pale tu ambapo mbadala ni kamili. Pasipo mbadala kamili, ujumbe utaje kinachopotea. Tatu, chaguo la ulinzi au la kikomo lililopoteza nguvu lisimamishe kazi hadi mtumiaji atamke kwamba ameridhia, na ujumbe wake umtaje mrithi pale alipo. Nne, taasisi za umma zinazonunua au kuagiza programu ziweke katika mikataba sharti kwamba kumbukumbu za ujenzi ziwasilishwe pamoja na programu, na kwamba kila onyo kuhusu chaguo mfu liwe limeelezwa kwa maandishi. Gharama ya sharti hilo ni ndogo, na ndilo linaloweza kuonesha, kabla programu haijapokewa, kwamba ulinzi uliolipiwa haumo ndani yake.